Ukimya Unaunguza

Ajali ya kwanza niliyoisababisha kazini, katika jiko la mgahawa, ilitokea siku yangu ya tatu. Nilikuwa nimebeba trei ya glasi kutoka kwenye sinki kuelekea kaunta, nikapita nyuma ya mpishi aliyekuwa anakwenda kumwaga maji ya tambi. Mimi nilimwona. Yeye hakuniona. Aligeuka na sufuria mikononi, kiwiko chake kikagonga trei yangu, glasi zikaanguka, na maji yanayochemka yakamwagikia mguu wake wa kushoto na kuingia ndani ya kiatu.

Shefu alikuwa wa kwanza kufika. Alimvua kiatu na soksi, akamkalisha juu ya kreti karibu na bomba la kuoshea sakafu, akafungulia maji ya baridi yapite juu ya mguu. Mtu mmoja akaja mbio na mafuta ya kupikia, mwingine akasema dawa ya meno inatuliza. Shefu akawazuia wote wawili: "Maji tu. Dakika 20." Kisha akanigeukia mimi. "Kaa naye hapa. Angalia saa. Zisipotimia 20 asinyanyuke."

Dakika 20 ni nyingi mno jikoni wakati wa chakula cha mchana. Oda zilikuwa zinarundikana dirishani, wenzetu wanakimbia huku na huku wakiziba pengo la mtu mmoja, na mimi nimechuchumaa pale na macho kwenye saa ya ukutani. Nilingoja kutukanwa. Yule mpishi, meno ameyauma kwa maumivu, aliniuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa umeniona?"

"Nilikuona, kaka."

"Sasa mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa maneno machache tangu utoto, na nilidhani mgeni kazini akinyamaza na kuwapisha wenye kazi yao ndiyo adabu. Kabla sijaanza nilikuwa nimejiandaa kwa mengi: kuchoka, kuungua vidole, kusugua masufuria mpaka usiku. Kusema sikujiandaa. Leo nimeshafanya kazi hii miaka kadhaa, nimepita kwenye vyombo, kwenye jiko na kwenye meza za wateja, na karibu kila kosa zito nililofanya au nililoliona lilianzia pale ambapo mtu alijua jambo akanyamaza.

Jioni ile nilifundishwa maneno manne. "Nyuma!" unapopita mgongoni kwa mtu. "Moto!" unapobeba chochote chenye joto, hata kama hakitoi mvuke. "Kisu!" unapotembea na kisu, ncha ikielekea chini na kimebanwa pajani. "Kona!" kabla ya kukata kona au kusukuma mlango. Na neno linatangulia hatua. Ukisema baada ya kupita, umejisemea mwenyewe.

Nilichukua kama wiki mbili kuyasema vizuri. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba radhi, na feni ya moshi ilikuwa inaimeza yote. Mama aliyekuwa anaosha vyombo, mkubwa kuliko sote pale kwa umri, ndiye aliyenishika mkono akaniambia, "Mwanangu, toa sauti. Feni inanguruma, maji yanamwagika, masahani yanagongana. Nani akusikie?" Nikajilazimisha. Siku ya kwanza niliyotoa sauti sawasawa niliona watu watatu wanasogea nusu hatua bila hata kugeuza shingo, njia ikafunguka mbele yangu. Nilifurahi kuliko siku ya mshahara.

Mama huyohuyo ndiye aliyenifundisha kwamba kusema peke yake hakutoshi. Nilitumbukiza kisu kwenye sinki lake lililojaa povu, nikasema "Kisu!" nikaondoka. Hakusikia. Dakika chache baadaye vidole vyake vilikigusa chini ya maji, kwa bahati akagusa ubapa wa kisu na si makali. Aliniita, akakiinua kinadondosha povu, akanionyesha bila kusema neno. Kisha akanipa utaratibu ambao sijauvunja tangu siku hiyo: kisu hakiingii kwenye maji ya sabuni kabisa. Kinawekwa pembeni, kikavu, mahali pa wazi. Unamwambia muoshaji, unamngoja akujibu "nimekiona," ndipo unaondoka. Asipojibu, hujasema.

Ndivyo zilivyokuwa hata oda. Aliyesimama dirishani akitangaza, "Meza ya sita, kuku wawili, samaki mmoja," alikuwa anangoja sauti ya mpishi irudi, "Kuku wawili, samaki mmoja!" Mwanzoni niliona ni kelele za bure. Karatasi ya oda si ipo, kila mtu ana macho? Lakini mpishi ana macho mawili na masufuria sita. Oda iliyorudiwa kwa sauti husikika na wote: wa kuku anajua, wa samaki anajua, anayepanga sahani anajua aandae ngapi.

Baadaye nilisoma kwamba jiko la namna hii, la kila mtu na kituo chake, lilipangwa hivyo hasa na Mfaransa Auguste Escoffier, aliyezaliwa 1846 na kufariki 1935. Alikuwa amepika jeshini katika vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Wajerumani, na alipokuja kuongoza jiko la hoteli ya Savoy mjini London mwaka 1890, aligawa kazi kwa vituo: mmoja michuzi, mmoja samaki, mmoja nyama za kuchoma, na kadhalika. Sahani moja ikawa inapita mikono mingi na kutoka upesi. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini ukimya wangu ulikuwa mzigo kwa wengine. Ukipika peke yako nyumbani unaweza kunyamaza mchana kutwa. Sahani ikishagawanywa kwa watu wanne, kinachoiunganisha ni maneno.

Kuhusu mwili sina mengi. Miguu huuma sana wiki za mwanzo, kisha huzoea, hasa ukipata viatu visivyoteleza na vinavyokukaa vizuri, usivibanie fedha. Kunywa maji hata kama hujisikii kiu. Kitambaa chenye maji usishikie sufuria ya moto, maana maji hupitisha joto upesi hadi kwenye ngozi, shikia kikavu. Kisu kikianguka, rudisha miguu nyuma na mikono juu, kiache kifike chini. Na hiyo kasi unayoiona kwa wazoefu haitoki miguuni. Wamekuja saa moja na nusu kabla ya wateja, wameshakata, wameshapanga, kila kitu kipo pale mkono unapokwenda wenyewe. Nilipoacha kukimbia nikaanza kupanga, nilimaliza mapema zaidi.

Nataka kukaa kidogo kwenye wali, maana ndio ulionipima.

Mwezi wa pili nilipewa kufunga jiko. Kulikuwa na sufuria kubwa ya wali uliobaki, nami nilitakiwa kuugawa kwenye trei pana zisizo na kina, upoe upesi, kisha uingie kwenye jokofu. Nikauacha juu ya meza nikaenda kusugua sakafu, nikasaidia kuhesabu vinywaji, nikasahau. Nilipoukumbuka ilikuwa imepita zaidi ya saa nne. Juu ulikuwa umepoa. Nikachomeka mkono katikati: vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Nikaufunika, nikausukuma ndani ya jokofu, nikaenda nyumbani. Hakuna aliyeniona.

Wakati ule nilikuwa nimeshaambiwa hatari yake, siwezi kusingizia ujinga. Shirika la Afya Duniani linafundisha watu wote wanaopika, wa nyumbani na wa hotelini, kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, kwamba cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi na cha moto kiwe juu ya nyuzi 60. Katikati ya nyuzi hizo bakteria huzaliana, na wakipata joto linalowafaa baadhi yao wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika kama 20. Wali una shida yake ya ziada. Mchele unaweza kubeba bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye hujifungia ndani ya ganda gumu linalovumilia kuchemshwa. Wali ukipikwa, yeye hafi. Wali ukikaa vuguvugu, anaamka na kuzaliana, na anaweza kuacha sumu inayomtapisha mtu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Ndiyo maana ule msemo wa "tutaupasha vizuri kesho" hausaidii kitu hapa. Harufu haibadiliki, rangi haibadiliki. Wali ule ungeweza kuonekana mzuri kabisa.

Sikulala vizuri. Nilijua mimi peke yangu. Nikisema, sufuria nzima inamwagwa, na jina langu linaandikwa vibaya katika mwezi wa pili tu. Nisiposema, labda hakuna litakalotokea. Mara nyingi hakuna linalotokea, na hapo ndipo ukimya unapopata nguvu. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona mtu nisiyemjua, mzee au mtoto, anakula kijiko cha kwanza akiwa ametuamini.

Nilifika asubuhi kabla ya wote nikamngoja Shefu mlangoni. Nilimwambia, "Shefu, wali wa jana ulikaa nje kuanzia saa tatu mpaka saa saba na ushee. Nilisahau, nikauweka kwenye jokofu hivyohivyo." Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Una hakika ni saa saba?" Nikamwambia ndiyo. Akachomeka kipimajoto katikati ya sufuria, baada ya usiku mzima ndani ya jokofu, akanionyesha: nyuzi 19. Sufuria kubwa hushika joto moyoni mwake kama jiwe. Tukaumwaga pamoja, akaniambia nipike mwingine. Nilipomaliza akanipa bunda la karatasi za kubandika na kalamu. Kuanzia siku hiyo kila chombo nilichokiweka kwenye jokofu kiliandikwa jina la chakula, tarehe, saa na herufi za jina langu. Na wali ukawa unapozwa kwa hesabu: kwenye trei za kina kifupi, ukigeuzwageuzwa, ushuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2 za kwanza, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata.

Karatasi zile nilizipenda. Kwa mtu mzito wa kusema kama mimi, zilinisemea hata nikiwa nimelala. Utaratibu wenyewe, wa kutafuta hatua ambazo hatari inaweza kuingilia, kuipima kila moja na kuandika, ulianzia Marekani katika miaka ya 1960, walipokuwa wanaandaa chakula cha wanaanga. Mtu akitapika angani hakuna wa kumkimbiza hospitali. Kwa hiyo hawakuridhika kuonja chakula kikishaiva. Walifuatilia kila hatua tangu mwanzo.

Mwaka wa pili nikahamishiwa kwenye meza za wateja. Nilidhani nimeshajifunza kusema, kumbe kuna namna nyingine ya kunyamaza: kujibu bila kujua. Mama mmoja aliyekuwa na binti yake aliniuliza kama mchuzi una karanga. Sikutaka kuonekana sijui kazi. Nikamjibu, "Nadhani hauna, mama." Dada mzoefu aliyekuwa anafuta meza ya pili akaacha kitambaa chake, akaja, akasema kwa upole, "Samahani, mama, tunakuulizia jikoni sasa hivi," akanivuta pembeni. "Neno 'nadhani' kwenye aleji ya mtu usilitumie tena. Sema 'sijui, naenda kuuliza.'"

Nilikwenda. Mchuzi ulikuwa umeongezewa unga wa karanga ili uwe mzito. Mikono iliniishia nguvu nikiwa nimesimama dirishani pale. Mtu mwenye aleji kali ya karanga koo linaweza kuvimba na pumzi kukata ndani ya dakika chache baada ya kula, na kinachomwokoa ni sindano ya adrenalini na kufikishwa hospitali haraka. Mimi nilikuwa nimeuweka uhai wa mtoto juu ya neno moja, kwa aibu ya kusema sijui. Nikarudi mezani, nikamweleza yule mama ukweli, nikamwambia pia kwamba mafuta yetu ya kukaangia ni ya pamoja, ili ajue anachoagiza. Alinishukuru kama vile nimemfanyia hisani. Haikuwa hisani.

Hadi hapa inaweza kuonekana kwamba ukimya ni tabia ya mtu na dawa yake ni kujikaza. Nami niliamini hivyo mpaka nilipohamia sehemu nyingine, ambayo sitaitaja. Pale kila kilichovunjika kilikatwa kwenye mshahara wa aliyevunja, na aliyeumwa akakosa zamu hakulipwa siku hiyo. Matokeo yake watu walikuja kazini tumbo linawasokota. Nami nilikuja. Niliharisha usiku kucha, nikaenda asubuhi nikakata saladi, chakula kisichopita motoni, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Najua sasa kwamba mtu aliyetapika au kuharisha anapaswa kukaa mbali na chakula mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome, maana anaweza kuendelea kuambukiza akiwa anajiona mzima. Siku ile hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Lile la saladi bado linanichoma hadi leo, na sijui nani alikula.

Nimeshafanya kazi na wakali na wapole, na naweza kusema hili kwa uhakika wangu wote: mwenye mgahawa anayemtoza mtu kwa kusema ukweli anaununua uongo kwa fedha yake mwenyewe, na mteja ndiye anayeula.

Niliyaona hayo palepale, usiku mmoja wenye watu wengi. Mteja alirudisha glasi ya maji, akatoa kitu kwenye ncha ya ulimi, akaniwekea kiganjani. Kipande cha kioo, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kimelowa. Hakuwa ameumia. Alikuwa ameshtuka tu, na mimi zaidi.

Kioo ndani ya barafu hakionekani. Nilifunga sanduku lote la barafu, nikawaambia wenzangu hakuna kinywaji kitakachotoka na barafu, nikaanza kulimwaga. Huwezi kuokota vipande ukasema umemaliza. Unamwagia maji ya moto mpaka barafu yote iyeyuke, unafuta chini na pembeni kwa tishu nene, unamulika kwa tochi, unasuuza tena, unarudia. Nilipata vipande vingine viwili. Nilikuwa nimeinama mle ndani nusu mwili pale kijana mmoja mhudumu, mgeni wa wiki tatu, alipokuja kusimama karibu yangu. Alikuwa na glasi mkononi, ukingo wa glasi umebanduka kidogo. Alikuwa ameificha nyuma ya makopo tangu saa moja jioni.

"Ni mimi, kaka," alisema. "Nilichotea barafu kwa glasi, kijiko hakikuwepo. Nilipoona imevunjika niliogopa watanikata."

Nilitaka kumkaripia. Nikakumbuka dakika 20 za bomba la maji, na swali nililoulizwa kwa utulivu na mtu ambaye mguu wake ulikuwa unawaka. Nikamuuliza, "Ilivunjika mara moja, au kuna nyingine?" Akasema moja tu. Tukailinganisha na vile vipande vitatu, kimoja baada ya kingine, chini ya taa ya kaunta, mpaka ukingo wa glasi ukatimia bila pengo. Hapo ndipo nilipovuta pumzi. Nikamwambia twende kwa meneja pamoja, na kwamba nitaanza mimi kuongea.

Meneja alimkata mshahara. Nilijaribu kumweleza kwamba huyu angeweza kunyamaza na tusingejua kama vipande vimeisha, hakunisikiliza. Mwisho wa mwezi nilimpa yule kijana nusu ya alichokatwa, naye akakataa mara mbili kabla ya kupokea. Kabla ya hapo, asubuhi iliyofuata baada ya tukio, nilinunua kijiko kikubwa cha chuma cha kuchotea barafu, nikakifunga kwa mnyororo pembeni mwa sanduku, nje, mahali ambapo hata mgeni wa siku ya kwanza angekiona.